Kihisi cha sumaku, kisicho na sumaku, au GPS ya simu tu?

Mtu ana racer ya mtumba au MTB ya kuingia nayo Karura, simu anayo, na sasa anataka kujua mambo mawili: anakwenda kwa kasi gani, na miguu yake inazungusha pedali mara ngapi kwa dakika. Hilo la pili ndilo linaloitwa kadensi. Akianza kutafuta anakuta vihisi, yaani vidude vya plastiki visivyo na waya vya kupima mambo hayo, vyote vikidai kufanya kazi ile ile, ila bei zimeachana mbali mno. Muuzaji anamwambia hawezi kuishi bila kidude hicho. Rafiki anamwambia asitupe pesa, simu inatosha. Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Inategemea mtu anaendesha wapi, na ile namba akishaiona atafanya nini nayo.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne: GPS ya simu peke yake, kihisi cha sumaku kinachopima kasi na kadensi kwa pamoja, vihisi viwili visivyo na sumaku, na nusu ya seti hiyo, yaani kihisi cha kadensi tu huku kasi ikiachiwa GPS.

Kwanza tuelewe kinachopimwa. Kihisi cha kasi hakijui kilomita. Kinahesabu mizunguko ya gurudumu, basi. Kinachorushwa hewani ni idadi ya mizunguko na wakati ambapo mzunguko wa mwisho ulitokea, wakati huo ukihesabiwa kwa vipande vya 1/1024 ya sekunde. Simu au kompyuta ya baiskeli (kile kiskrini cha kwenye usukani) ndiyo inayozidisha mizunguko hiyo kwa mzingo wa gurudumu, yaani urefu wa kulizunguka mara moja. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 likizunguka mara 200 kwa dakika, umekwenda mita 420 kwa dakika hiyo, sawa na kilomita 25.2 kwa saa. Kihisi cha kadensi hufanya hesabu rahisi zaidi: kinahesabu mizunguko ya mkono wa pedali na hakihitaji kujua ukubwa wa kitu chochote.

Vigezo

Cha kwanza ni usahihi, lakini usahihi wa mahali unapoendesha wewe, si wa kwenye karatasi ya kiwandani. Cha pili ni ufungaji: je, kitakaa kwenye fremu na gurudumu ulilo nalo? Cha tatu ni matunzo, yaani betri, matope na mvua za Machi hadi Mei. Cha nne ni wizi, ambao maelezo ya watengenezaji hayautaji kabisa, ilhali mwendesha baiskeli wa Nairobi huufikiria kabla ya yote. Suala la mawasiliano, yaani kihisi kinarusha namba zake kwa ANT+ au kwa Bluetooth, nimelitenga mwishoni kwa sababu linagusa vihisi vyote.

GPS ya simu peke yake

*Usahihi.* Kwenye barabara iliyo wazi, kama Southern Bypass au barabara ya Magadi ukishapita Kiserian, GPS ya simu ya kawaida hukosea mita chache tu, na ukijumlisha safari nzima umbali hutoka vizuri. Shida huanza anga linapozibwa. Endesha kando ya Uhuru Highway hadi Westlands, pale Nairobi Expressway imepanda juu ya nguzo tangu ifunguliwe mwaka 2022, na nusu ya anga imefunikwa na zege. Mawimbi ya setilaiti yanagonga zege na majengo kabla ya kufika kwenye simu, na mstari wa safari yako unaanza kuyumba kushoto na kulia. Kila kuyumba huongeza mita ambazo hukuziendesha, na kasi huruka juu ghafla ilhali ulikuwa umesimama nyuma ya matatu.

Ndani ya Karura kosa huelekea upande wa pili. Miti hudhoofisha mawimbi, na njia zenye kona nyingi hukatwa kwa mkato kwa sababu simu huunganisha alama moja hadi nyingine kwa mstari ulionyooka. Umbali unapungua. Mtu anayepita chini ya Expressway asubuhi na kuingia msituni jioni anaweza kupata jumla inayokaribia ukweli kwa bahati tu, makosa mawili yakiwa yamefutana.

Kadensi hupati hata kidogo. Na ukiendesha ndani ya nyumba kwenye trena, yaani kifaa kinachoishika baiskeli ili ukanyage bila kwenda popote, GPS itakuambia umekaa pale pale, jambo ambalo ni kweli lakini halikusaidii.

*Ufungaji na matunzo.* Hakuna cha kufunga simu ikiwa mfukoni. Gharama yake ni chaji: GPS ikiwashwa pamoja na mwanga wa skrini, safari ndefu humaliza betri ya simu kuukuu kabla hujafika nyumbani.

*Wizi.* Hapa ndipo njia hii inapogawanyika mara mbili. Simu mfukoni iko salama kiasi, lakini namba utaziona ukishafika. Simu kwenye usukani inakuonyesha namba papo hapo, na inamwonyesha pia kijana aliyepakiwa nyuma ya bodaboda anayekuja kwa kasi upande wako wa kulia. Mimi binafsi singeiweka simu kwenye usukani katikati ya jiji hata kwa mshipi wa chuma.

*Inamfaa nani.* Mtu anayetaka kumbukumbu ya safari: nimetoka wapi, nimefika wapi, kilomita ngapi, dakika ngapi. Wengi wako hapa, na hawana haja ya kununua kitu.

Kihisi cha sumaku, viwili ndani ya kimoja

Hiki ni cha kizazi cha zamani, ila bado kipo, hasa kwenye baiskeli za mtumba zinazokuja nacho na kwenye vifaa vya bei ya chini. Kiboksi hufungwa kwenye bomba la chini la fremu, upande wa kushoto, lile linaloelekea gurudumu la nyuma. Sumaku moja hubanwa kwenye spoki, nyingine kwenye mkono wa pedali wa kushoto. Kila sumaku inapopita mbele ya kiboksi, swichi ndogo ya ndani hujifunga na mzunguko mmoja huhesabiwa.

*Usahihi.* Kikikaa sawasawa, ni vigumu kukishinda. Sumaku imepita au haijapita, hakuna kukisia. Hata ukisukuma baiskeli kwa mwendo wa miguu kinaendelea kuhesabu. Na kwa kuwa kinasoma gurudumu la nyuma, kinafanya kazi kwenye trena bila marekebisho.

*Ufungaji.* Hapa ndipo watu hukata tamaa. Nafasi kati ya sumaku na kiboksi inatakiwa iwe milimita chache tu. Kiboksi kimoja lazima kifikie spoki nyuma na pedali mbele, kwa hiyo fremu yenye bomba refu, pana au lililopindwa inaweza kukataa kabisa. Kabla ya kununua, zungusha pedali ya kushoto hadi ielekee nyuma na uangalie kama pana mahali ambapo kiboksi kitaona vyote viwili. Spoki bapa nazo hukataa aina fulani za sumaku. Fundi mzoefu atakufungia kwa zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, lakini mwambie azungushe magurudumu huku na huku kabla ya kukata mikia ya kamba.

*Matunzo.* Hupigwa. Baiskeli ikiegeshwa ukutani, ikipakiwa juu ya matatu au ikipita kwenye vichaka, sumaku husogea kidogo na hesabu inakatika. Kurekebisha ni kazi ya sekunde chache kwa mkono, ila ni kazi ya kila mara. Kwa upande mzuri, matope hayaizuii sumaku, na ikipotea unapata nyingine.

*Wizi.* Kwa sababu kimefungwa kwa kamba zinazohitaji kukatwa, na hakina sura ya thamani, mara nyingi huachwa. Hilo si dogo kwa mtu anayeegesha baiskeli mjini siku nzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye baiskeli moja asiyehamisha kifaa, mwenye subira ya kukirekebisha, na hasa yule ambaye tayari anacho. Kama unacho na kinasoma, sioni sababu ya kukibadilisha eti kwa kuwa kimezeeka.

Vihisi viwili visivyo na sumaku

Hivi ndivyo vinavyojaa sokoni sasa: Garmin, Wahoo, Magene, XOSS, iGPSPORT na wengine. Kimoja huvishwa kwenye kitovu cha gurudumu kwa mpira, kingine kwenye mkono wa pedali. Ndani yake mna chipu inayotambua mzunguko wenyewe, kama ile inayoijulisha simu kuwa umeigeuza.

*Usahihi.* Kwa mwendo wa kawaida vinalingana na sumaku kiasi kwamba hutaona tofauti. Udhaifu wao uko kwenye mwanzo na kwenye mwendo wa konokono: kihisi hulala kikiwa hakizunguki ili kuokoa betri, na huchukua muda kidogo kuamka. Kwenye foleni ya Mombasa Road, ya kusimama na kuondoka, namba huweza kuchelewa kidogo. Msituni lakini ndiko vinakoishinda GPS waziwazi, kwa kuwa gurudumu halijali miti.

Kosa kubwa zaidi halitoki kwenye kihisi bali kwenye mzingo uliouandika. Tairi la 700×25 lina mzingo wa takriban milimita 2105, la 26×2.0 takriban 2055, la 29×2.1 takriban 2288. Ukiacha programu ikiamini una gurudumu la inchi 29 kumbe ni la 26, safari ya kilomita 40 itaandikwa 44.5, na utajiona bingwa. Baadhi ya kompyuta, kwa mfano Garmin Edge, hutumia GPS kujikadiria mzingo zenyewe. Kwingineko pima mwenyewe: weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya baiskeli upepo ukiwa umejazwa kama kawaida yako, sukuma mzunguko mmoja kamili, kisha upime kwa futi ya fundi.

*Ufungaji.* Dakika mbili, bila zana. Angalia tu mambo mawili. Kwenye pedali, hakikisha kuna nafasi kati ya mkono na fremu, maana kwenye fremu nyingine kihisi hukwaruza bomba kila mzunguko. Ikiwa hivyo, wengi hukihamishia kwenye kiatu na kinasoma vilevile. Kwenye kitovu, vile vinene vya breki za ngoma au vya dainamo huenda vikaukataa mpira uliokuja na kihisi. Kipande cha blada kilichokatwa kutoka kwenye tyubu iliyochoka huwa kinatosha.

*Matunzo.* Vingi hutumia betri ya CR2032, ile bapa ya funguo za gari, na ukitumia saa moja kwa siku hukaa karibu mwaka. Luthuli Avenue zimejaa. Nunua zenye jina linalojulikana, na uziweke mbali na watoto, kwa sababu mtoto akiimeza ni hatari ya kweli. Kwa maji, IPX7 maana yake ni kustahimili mita moja ya maji kwa dakika 30. Haimaanishi bomba la presha la kuosha magari. Mpira mdogo unaoziba kifuniko cha betri ndio mlinzi pekee, kwa hiyo ukifungua urudishe ulivyokuwa.

Kuna mtego mmoja kwenye aina kama Magene S3+. Kihisi kimoja kinaweza kuwa cha kasi au cha kadensi, na kubadilisha ni kutoa betri na kuirudisha. Maana yake ni kwamba ukibadilisha betri iliyokufa, cha kitovu kinaweza kuamka kikijiona cha pedali. Ukiona kadensi ya mzaha unaposhuka mteremko bila kukanyaga, usikimbilie kununua kipya. Toa betri tena, uangalie taa yake inaonyesha nini.

*Wizi.* Kinachovaliwa kwa mpira huvuliwa kwa mpira. Cha kitovuni hujificha kati ya spoki, cha pedali kiko nje kabisa. Kama unaegesha katikati ya jiji, vivue viwili hivyo pamoja na taa.

*Inamfaa nani.* Mwenye baiskeli mbili au tatu nyumbani, anayekwenda msituni, au anayetumia trena. Kwenye trena za kubana tairi, kihisi cha gurudumu la nyuma ndicho kinachoiwezesha Zwift, programu ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba, kukadiria nguvu zako kutokana na kasi, hivyo usikivishe gurudumu la mbele. Kihisi cha Garmin, Speed Sensor 2, kina ziada: huhifadhi umbali chenyewe hata ukiwa huna kompyuta wala simu, kisha huupeleka Garmin Connect baadaye.

Kadensi tu, kasi ya GPS

Hii ndiyo njia ambayo watu huiruka, na nadhani inastahili kufikiriwa zaidi. Kasi ndani ya Nairobi huamuliwa na matuta, matatu na mataa. Ukiona kilomita 18 kwa saa, huna la kufanya. Kadensi ni yako mwenyewe. Ukiona 55 huku unapanda kuelekea Limuru na magoti yanalalamika, unashusha gia na namba inapanda papo hapo. Waendeshaji wengi wa kawaida huzungusha kati ya 60 na 80. Waliobobea hukaa 80 hadi 100 au zaidi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kulelewa kibaiskeli na mwendeshaji Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne huku miguu ikizunguka kama cherehani na macho yakiwa kwenye kompyuta yake. Kusema kweli, namba aliyosifika kwa kuitazama ilikuwa wati, yaani nguvu ya kukanyaga, si kadensi, na kipima wati ni bei nyingine kabisa.

*Usahihi* wa kadensi ni uleule wa kihisi kisicho na sumaku, na hauna mzingo wa kukosea. Kasi hubaki na udhaifu wote wa GPS niliotaja. *Ufungaji* ni kidude kimoja, *matunzo* ni betri moja, na kuhusu *wizi* una kimoja tu cha kukumbuka kuvua. Haifai kwenye trena ya kubana tairi inayohitaji kasi ya gurudumu, wala haimsaidii mtu wa msituni anayejali umbali halisi.

Wala haimsaidii mwenye baiskeli ya gia moja. Kwenye Black Mamba, kasi na kadensi zimefungwa pamoja na cheni: tuseme meno 44 mbele, 18 nyuma na gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, basi ukikanyaga kwa kilomita 16 kwa saa miguu yako inazunguka karibu mara 50 kwa dakika, upende usipende. Kihisi cha kadensi hapo kinakuuzia jibu ambalo kikokotoo cha simu kingekupa bure.

ANT+ au Bluetooth

ANT+ hutangaza kama redio: kihisi kimoja, wasikilizaji wowote wanaotaka. Bluetooth kwa kawaida hushikamana na kifaa kimoja, ingawa vihisi vipya vingi huruhusu viwili au zaidi. Zote hutumia masafa ya 2.4 GHz. iPhone haipokei ANT+, na simu nyingi za Android pia hazipokei, kwa hiyo mwenye simu atafute Bluetooth, na mwenye kompyuta ya baiskeli asome inapokea nini. Vihisi vingi vya sasa vina zote mbili, ila vya zamani vya sumaku huweza kuwa na ANT+ pekee. Hilo uliulize kabla ya kulipa kifaa cha mtumba.

Usikiunganishe kihisi kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Fungua programu ya baiskeli na ukitafute humo ndani. Programu moja ikikishika, nyingine huenda isikione hadi uifunge ile ya kwanza. Na usidhani kila programu inapokea vihisi: Strava, ile ya kurekodi safari na mazoezi, iliviondoa kwenye programu yake ya simu mwaka 2019, na mwaka 2020 ikarudisha vya mapigo ya moyo. Programu ya Wahoo inavipokea, na Apple Watch nayo tangu mfumo wake wa watchOS 10 wa mwaka 2023.

Kulingana na hali yako

Unatoka Kikuyu, Kasarani au Rongai kwenda kazini na kurudi, na unataka tu kujua umekwenda kilomita ngapi: simu mfukoni, usinunue kitu kwanza. Ikiwa kilomita hizo unazidai kwa mwajiri au mteja na njia yako inapita chini ya Expressway, kihisi cha gurudumu kitakuepusha na ubishi.

Unapanda Limuru au kushuka Magadi wikendi ukijua kwamba lazima upande kurudi: kadensi kwanza. Kasi utaiongeza baadaye ukiona unaihitaji.

Karura au msitu wa Ngong ndiyo makao yako: kihisi cha kitovuni kisicho na sumaku, mzingo ukiwa umepimwa kwa tairi ulilo nalo. Ukibadilisha tairi, pima upya.

Trena nyumbani: gurudumu la nyuma na pedali, vyote viwili, cha sumaku au kisicho nayo.

Baiskeli inaegeshwa nje mjini kutwa na wewe ni mtu wa kusahau: cha sumaku kilichofungwa imara, au simu peke yake.

Familia yenye baiskeli kadhaa: seti moja isiyo na sumaku inayohamishwa. Iandikishe kila baiskeli kwenye programu kwa jina na mzingo wake, na anayetoka nayo achague ya kwake kabla ya kubonyeza kuanza.